Kusafiri kwa ndege kutoka Pemba: mwongozo kamili wa abiria wa uwanja wa Karume, Chake Chake

Kila skuli zikifunga na kila Idd ikikaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. Mtu kafika uwanjani na ndege imeshaondoka. Mwengine kalazimika kumwachia aliyemsindikiza nusu ya mzigo wake. Mwengine kashuka Unguja naye tiketi yake ni ya Dar. Ni watu wazima, wenye akili zao, na wengi wao si mara ya kwanza kupanda ndege.

Kinachowakwaza ni udogo wa uwanja wenyewe. Mtu hudhani udogo ni wepesi, kwa hiyo hajitayarishi. Uwanja wa ndege ndogo unakutaka uangalie mambo matatu kwa makini: saa, uzito na kituo cha kushukia. Ukiyashika hayo, safari ya Pemba hadi Unguja ni ya nusu saa tu na utafika hujachoka. Nimeandika hatua zote kwa mpangilio wake, na zile zinazowaangusha watu wengi nimezieleza kwa urefu.

## Vitu vya kuwa navyo

Viweke pamoja siku moja kabla, katika mkoba mmoja mdogo utakaobaki nao mkononi:

- Kitambulisho chako halisi chenye picha: cha Mzanzibari mkaazi, cha NIDA, au pasipoti. Kopi na picha iliyomo kwenye simu visikupe moyo.
- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto unayesafiri naye. Hata mtoto wa kubeba lazima jina lake lijulikane na kampuni ya ndege, ingawa hatakalia kiti chake.
- Tiketi, na namba yake uiandike pia kwenye karatasi. Simu huzima chaji pale pale unapoihitaji.
- Namba ya simu ya ofisi ya kampuni ya ndege, si ya wakala peke yake.
- Begi laini la kitambaa au shanta. Sanduku gumu la magurudumu liache nyumbani. Sababu utaiona hatua ya 2.
- Pesa taslimu kidogo kwa ajili ya uzito uliozidi na gari ya kukuchukua.
- Dawa zako zote, na barua ya daktari kama wewe ni mgonjwa au mjamzito. Kampuni nyingi hudai barua hiyo mimba ikifika wiki 28, na wiki za mwisho huweza kukukatalia kabisa.

Ukipotelewa na kitambulisho, usisubiri siku ya safari ukajieleze kaunta. Nenda polisi uchukue ripoti ya upotevu, kisha ipigie simu kampuni uwaulize watakupokea na kitu gani.

## Hatua ya 1: Isome tiketi neno kwa neno

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, na huwa zimeshaharibika siku kadhaa kabla mtu hajatoka nyumbani.

Saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na hesabu yake huanzia usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Tofauti ni saa 6. Chukua saa ya tiketi, toa 6:

- 08:15 ni saa mbili na robo asubuhi.
- 10:40 ni saa nne na dakika arobaini asubuhi.
- 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana.
- 16:45 ni saa kumi na moja kasorobo jioni.

Ikiwa saa ya tiketi ni ndogo kuliko 7, jumlisha 6: kwa hiyo 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Hiyo 10:40 nimeiweka makusudi. Shangazi yangu alikuwa na miadi ya macho Unguja, miadi aliyoisubiri kwa miezi. Tiketi yake iliandikwa 10:40, naye akaisoma kama tunavyosema sote: saa kumi na dakika arobaini, yaani jioni. Alifika uwanjani saa tisa za mchana, amevaa vizuri, na ndege yake ilikuwa imetua Unguja tangu asubuhi. Hakuna aliyemdanganya. Tarakimu ni zile zile, hesabu ni mbili. Tangu siku hiyo kila tiketi inayopita mikononi mwangu naiandikia saa yake kwa maneno pembeni, kwa kalamu, pamoja na "asubuhi" au "jioni". Fanya hivyo hivyo. Na ukizungumza na wakala kwa simu, usikubali kuambiwa "saa nne" halafu ukakata simu; muulize ni nne ya asubuhi ya Kiswahili au ni nne ya kwenye tiketi.

Tarehe. Siku huja kwanza, kisha mwezi. Angalia pia siku ya wiki, maana mtu hukumbuka "Jumatatu" na tarehe ikasema Jumanne.

Jina. Liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Khamis na Hamis, Asha na Aisha, Mohamed na Muhammad: nyumbani ni watu wale wale, kaunta ni watu wawili tofauti. Kama unaitwa jina la kupanga na mtaa mzima haujui lako halisi, hakikisha aliyekukatia tiketi analijua. Kosa la jina hurekebishwa kwa simu moja ukiwahi, na huwa gumu ukilibeba mpaka mbele ya mizani.

Uwanja. Viwanja vyetu viwili vyote vina jina la Karume. Wa Pemba ni Karume, wa Unguja ni Abeid Amani Karume. Kwa hiyo usisome jina, soma herufi tatu:

- PMA ni Pemba, Chake Chake.
- ZNZ ni Unguja.
- DAR ni Dar es Salaam.
- TGT ni Tanga.

Onyo kwa wanaojinunulia tiketi kwenye intaneti, au wanaonunuliwa na ndugu aliye nje ya nchi: ukiandika "Pemba" unaweza kuletewa POL. Huo ni mji wa Pemba ulioko Msumbiji, mkoa wa Cabo Delgado. Ukiona POL, acha, anza upya.

Utajua umefanikiwa pale utakapoweza kumwambia mtu wa nyumbani, bila kuitazama tiketi: naondoka siku fulani, saa fulani ya Kiswahili, kutoka PMA kwenda wapi, na jina langu limeandikwa hivi.

## Hatua ya 2: Pima mzigo nyumbani

Ndege nyingi zinazotua Pemba ni Cessna Caravan au za ukubwa wa karibu na huo. Caravan ina injini moja na huchukua abiria 12 au 13. Uzito wake wa juu wa kurukia hauzidi kilo 4,000, na ndani ya hesabu hiyo mmo ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na kila begi. Rubani hana pa kuficha kilo za ziada. Zikizidi, ama mzigo ubaki au abiria abaki.

Kampuni nyingi za ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa abiria mmoja, na nyingi huuhesabu na mkoba wa mkononi humo humo. Hakikisha kwenye tiketi yako. Anayetoka kwenye ndege kubwa, amezoea kilo 23 na begi la mkononi pembeni, ndiye huumia zaidi.

Kama huna mizani, panda mizani ya mtu mwengine bila begi, kisha panda ukiwa umelibeba, na utoe hesabu. Duka lolote la rejareja lenye mizani ya unga nalo litakusaidia. Na kama hata hiyo iko mbali, inua madumu matatu ya lita tano yaliyojaa maji: hizo ni kilo 15 na kidogo. Begi likikushinda kuliko madumu hayo, litaishinda na mizani.

Sasa kuhusu begi gumu. Mizigo ya Caravan mingi huingia kwenye uvungu mwembamba chini ya tumbo la ndege. Begi laini hubonyezwa likaingia, sanduku gumu huweza kukataa kuingia hata likiwa jepesi. Isitoshe, sanduku tupu la magurudumu peke yake linakula kilo tatu au nne za haki yako.

Lenga kilo 13, usilenge 15. Mizani ya duka na ya uwanjani hazitaambiana sawasawa, na mtu wa nyumbani hatakosa kukukimbilia mlangoni na kifurushi cha mwisho.

## Hatua ya 3: Pakia kwa kujua nini kinakwenda wapi

Mkononi, usikiache: kitambulisho, pesa, dawa, simu, na pawabenki. Pawabenki haingii kwenye begi la chini. Betri za namna ile zikipata hitilafu huwaka moto, na moto ulio uvunguni hakuna wa kuuona. Ile ya mAh 20,000 haina tatizo kwa ukubwa. Kipimo kinachokubalika na mashirika ya ndege ni wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000.

Begi la chini: kisu, mkasi, mundu, wembe, vifaa vya fundi.

Usichukue kabisa: mtungi wa gesi, petroli, mafuta ya taa, betri ya gari, fataki. Maji ya betri hula bati la ndege.

Zawadi ndizo zinazohitaji busara, maana hakuna Mpemba anayekwenda kwa watu mikono mitupu. Halua ni sawa, ifunge vizuri. Maembe hubebeka, lakini jua kwamba pakacha moja linaweza kumaliza kilo zako zote. Doriani na fenesi lililopasuliwa viache. Harufu ndani ya chumba kile kidogo huwadhuru wenzako, na kampuni nyingi hukataa. Samaki mbichi na pweza wanataka chombo kigumu chenye mfuniko uliozibwa kwa utepe, kwa sababu maji ya chumvi yakichuruzika huila ndege kama ile tindikali ya betri. Uliza kampuni kabla.

Mafuta ya nazi, asali, achari na manukato yana shida yao. Chumba cha Caravan hakijazwi hewa ya ziada, kwa hiyo ndege ikipanda, hewa iliyobaki ndani ya chupa hutanuka na kusukuma kizibo. Jaza chupa ibakie nafasi ndogo, weka kipande cha nailoni chini ya kizibo, kaza, kisha izungushie nguo usiyoionea huruma.

Karafuu nazisema peke yake. Usizitie begini kama zawadi ya kawaida. Zanzibar mnunuzi wa karafuu ni Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na kuzisafirisha bila kibali huhesabiwa magendo. Kama unataka kumpelekea mtu, pita kwanza ofisi ya ZSTC ukaulize utaratibu. Nimeona watu wema wakiaibishwa mbele ya watoto wao kwa kifurushi cha karafuu za pilau. Makome, matumbawe na magamba ya kasa nayo usiyaguse.

## Hatua ya 4: Siku moja kabla

Ipigie simu ofisi ya ndege uthibitishe saa. Ndege ndogo hubadilishiwa saa mara nyingi kuliko kubwa, pengine kwa sababu ya hali ya hewa, pengine kwa sababu kampuni imeunganisha safari mbili.

Panga gari usiku ule ule. Uwanja uko kiasi cha kilomita 7 kutoka mjini Chake, na si mahali pa kusimama barabarani ukatarajia daladala ikufikishe kwa saa yako. Anayetoka Wete au Mkoani ahesabu saa moja ya njia na aongeze nyengine. Anayetoka Konde au Micheweni aongeze zaidi, hasa masika.

Kama umezamia na mtungi wa hewa, kwa kazi ya majongoo au kwa matembezi, yapite angalau saa 18 kutoka ulipotoka majini mpaka unapopanda ndege. Hewa iliyoyeyuka kwenye damu hugeuka mapovu shinikizo likipungua, na mapovu hayo hulemaza. Ukizama kwa pumzi yako tu siku iliyopita, huna la kuhofia.

## Hatua ya 5: Kaunta na mizani

Fika saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Kaunta kwa kawaida hufungwa nusu saa kabla, na ikishafungwa hesabu ya uzito imeshakwenda kwa rubani. Kumwongeza mtu mmoja baada ya hapo ni kuifanya upya hesabu nzima, ndiyo maana ombi la "nisaidieni" halifui dafu hata kama ndege bado unaiona kwa macho.

Toa kitambulisho na tiketi, weka begi kwenye mizani. Unaweza kuombwa upande mizani na wewe, na mkoba wako begani. Panda. Si dharau na hakuna anayekuhukumu. Kwenye ndege ya watu 12, kilo zako zinaamua ukae mbele au nyuma ili ndege isiinamie upande. Ukiulizwa uzito kwa mdomo, sema wa kweli.

Begi likizidi, una njia tatu: kulipia kilo za ziada ikiwa ndege ina nafasi, kupunguza vitu, au kuliacha lifuate kwa safari nyengine. Kwa hiyo usimruhusu aliyekusindikiza aondoke mpaka begi lako limepokelewa.

Kabla hujaondoka kaunta, uliza maswali haya matatu, moja baada ya jengine, na usione haya:

1. Ndege hii inapita wapi kabla ya kufika ninakokwenda?
2. Kuna mahali nitashuka nibadilishe ndege, au nitabaki kitini?
3. Begi langu limeandikiwa lifike wapi?

Majibu yaandike kwenye karatasi yako. Kisha soma mwenyewe lebo iliyofungwa kwenye begi. Kama unakwenda Dar na lebo inasema ZNZ, sema hapo hapo, kwa upole: "Samahani kaka, hii imeandikwa Unguja, nami naishia Dar." Kipande cha lebo unachopewa kihifadhi pamoja na kitambulisho.

Utajua umefanikiwa ukiwa na vitu vinne mkononi: kitambulisho kimerudi kwako, kadi ya kupandia, kipande cha lebo, na majibu matatu. Kadi ikiwa ya plastiki, utaikabidhi mlangoni. Si ya kwenda nayo.

## Hatua ya 6: Ukaguzi

Toa simu, funguo, sarafu na mkanda. Kila kitu kipite kwenye mashine, nawe upite mlangoni kwa utulivu.

Mwanamke akihitaji kupapaswa, akaguliwe na afisa wa kike. Aliyevaa nikabu akitakiwa kuonyesha uso ili ulinganishwe na picha, aombe afisa wa kike na pembe ya faragha. Ombi hilo linaeleweka Zanzibar, lakini liseme mapema, kabla foleni haijakusukuma nyuma.

Kama safari yako inagongana na swala, swali kabla ya kuvuka hapa.

## Hatua ya 7: Kusubiri kwa masikio

Ukumbi ni mdogo na ndege mbili tatu huweza kufuatana kwa dakika chache. Abiria wa kampuni tofauti hukaa pamoja. Mwito mara nyingi ni mtu kutokea mlangoni na kutaja jina la kampuni au mji, mara moja au mbili, basi.

Kwa hiyo kaa unapouona mlango wa kutokea uwanjani. Toa spika za masikioni. Usilale; ukiwa mchovu mwambie jirani yako jina la kampuni yako na unakokwenda. Nenda chooni sasa, kwa sababu ndani ya Caravan hakuna choo.

Na jambo ambalo wengi hawalitarajii: ndege ndogo huweza kuondoka kabla ya saa yake. Abiria wote wakishafika na hali ya hewa ni nzuri, rubani hana anachokingoja. Mtu aliyetoka nje kuagana kwa mara ya tatu akarudi akakuta viti vitupu, hakukosea saa, alikosea kudhani saa ya tiketi ndiyo ya mwito.

Mwito ukija, usifuate umati. Muulize aliyeita: "Hii ni ya kwenda wapi?" Jibu lifanane na karatasi yako.

## Hatua ya 8: Kutembea mpaka kwenye ndege

Utatembea kwa miguu juu ya lami. Fuata mfanyakazi anayewaongoza, nyuma yake, kwa mstari, wala usikate njia ya mkato.

Hatari kubwa kuliko zote katika mwongozo huu ni pangaboi, lile panga linalozunguka kwenye pua ya ndege. Likizunguka kwa kasi halionekani kwa jicho. Usipite mbele ya ndege yoyote, hata ile unayodhani imezimwa. Mshike mtoto kifundo cha mkono, si vidole. Funga mtandio, shika kofia na bahasha ya hospitali. Upepo wa ndege ya jirani hurusha vitu, na mtu hukimbilia kitu chake bila kutazama anakoelekea.

Mlango wa abiria wa Caravan uko nyuma, ubavuni, na ngazi yake ni ndogo. Bawa liko juu, lakini mhimili wake unashuka kwa mshazari kwenye usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Inama.

## Hatua ya 9: Angani

Kaa ulipoelekezwa, hata kama mmetenganishwa na mwenzio, kumbuka mizani. Ukipewa kiti cha pembeni mwa rubani, ni furaha kubwa, lakini miguu na mikono yako isiguse chochote.

Ndani kuna kelele. Pamba masikioni inatosha. Ndege ikianza kushuka, meza mate au tafuna kitu, na mama ampe mtoto ziwa, kwani kumeza ndiko kunakoyazibua masikio. Mchana jua likishapanda, ndege hii nyepesi huyumba ikipita chini ya mawingu au ndani yake. Ni kama mashua kwenye mawimbi, haimaanishi kuna hitilafu. Asiyependa kuyumbishwa achague safari ya asubuhi.

## Hatua ya 10: Jua unaposhuka

Ndege nyingi za Pemba kwenda Dar hutua Unguja kwanza. Mlango unafunguliwa, watu wanasimama, mabegi yanatolewa. Hapo ndipo mtu wa Dar anaposhuka kwa kuwafuata wenzake, na mtu wa Unguja aliyesinzia anapobebwa mpaka Dar.

Usisimame kwa sababu wengine wamesimama. Tazama karatasi yako ya majibu matatu. Kama uliambiwa utabaki kitini, baki, na umwambie rubani au mfanyakazi atakayechungulia: "Mimi naendelea Dar." Kama uliambiwa utabadilisha ndege, shuka na uulize hapo hapo chini ya ngazi unakwenda wapi, kabla hujaingia kwenye jengo na kujikuta mlango wa kutokea mjini.

Ndugu yangu mmoja alibaki kitini Unguja kwa heshima tu, akisubiri wakubwa washuke kwanza. Mlango ukafungwa. Alirudi Unguja siku ya pili, kwa nauli yake.

Ukishuka, subiri begi lako na ulinganishe namba ya lebo na kipande chako. Mabegi meusi ya Kariakoo na Darajani yanafanana kama mapacha. Funga kipande cha kanga kwenye mkono wa begi tangu nyumbani. Likikosekana, toa taarifa kwa kampuni kabla hujatoka nje ya uwanja, na upewe kitu kilichoandikwa.

## Kwa anayeunganisha ndege Dar

Ndege ndogo hutumia jengo la 1, lile la zamani. Ndege kubwa za ndani ziko jengo la 2, na za nje ya nchi ziko jengo la 3 lililofunguliwa mwaka 2019. Kutoka la 1 kwenda mengine si mwendo wa kutembea na begi, utahitaji gari.

Kama unakwenda Hijja, masomoni au matibabuni nje ya nchi, ondoka Pemba siku moja kabla. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali hazijuani: ndege ya Pemba ikichelewa, ile ya nje haikungojei, na kampuni ya kwanza hailipi hasara ya pili.

## Ndege ikiahirishwa

Mvua kubwa ikitanda, rubani haruki, na hakuna wa kumlaumu. Masika, Machi hadi Mei, weka akilini kwamba siku yako inaweza kuhama.

Usitoke uwanjani kwa hasira. Nenda kaunta, uliza ndege inayofuata ni lini na kama jina lako limeshaandikwa humo, na kama hutaki kungoja, uliza utaratibu wa kurudishiwa nauli. Pata jina la ofisi na namba ya simu. Wakati huo huo mtu wa nyumbani aulizie meli ya Mkoani. Haiondoki kila saa, na ukisubiri mpaka jioni ndipo uulize, nayo itakuwa imeng'oa nanga.

## Safari ya kurudi

Hatua ni zile zile, isipokuwa ukiwa Unguja mwambie dereva wa taksi kwamba unakwenda Pemba, kwa ndege ndogo. Ukisema "uwanja wa ndege" tu na una begi kubwa, anaweza kukupeleka jengo la 3, la safari za nje, nawe unalolihitaji ni jengo la safari za ndani. Jina la kampuni yako mtajie kabla gari haijaondoka.

Mpigie atakayekuchukua Chake kabla hujazima simu, si baada ya kutua. Nusu saa inamtosha kufika, na uwanja ule hunyamaza haraka abiria wa ndege ya mwisho wakishaondoka.